Mgema Akilipwa, Mgema Akisifiwa

Wengi mliokosa kufika kwenye mkutano wetu wa wapenda filamu mmeniomba niweke hapa nilichozungumza. Hiki hapa chote, pamoja na pale mliponicheka. Nimeacha tu picha za ukutani, na kwa hizo hamkosi kitu.

Ndugu zangu, hamjambo? Salamu kwa wenye fani mliokaa safu za mbele, na salamu zaidi kwetu sisi wa kulipa na kukaa gizani.

Nianze kwa kuwachokoza. Anyoshe mkono aliyewahi kulipia filamu huku moyoni anajua kabisa kuwa ni dhaifu, akalipa tu ili kumpa moyo aliyeitengeneza. Naam. Karibu ukumbi mzima. Shusheni. Sasa anyoshe mkono yule ambaye baada ya kuitazama alimfuata mwenye filamu akamwambia uso kwa uso kuwa ni dhaifu. Mmoja! Na huyu dada namfahamu, ni mke wa mwongozaji mwenyewe, kwa hiyo hahesabiki.

Mada niliyopewa ni fupi ila ina miiba: je, sisi watazamaji tulipie filamu za hivi hivi ili watengenezaji wapate nguvu ya kutuletea nzuri? Hoja yake mnaijua kwa moyo. Mnaambiwa: hii ni filamu ya kwetu. Kwetu kwa lugha, kwa imani, kwa nchi, kwa rika, chagua mwenyewe. Tukiisusia, wenye mitaji watasema watu hawa si soko, na hakuna atakayetutengenezea nyingine. Basi nunua tiketi, vumilia, piga makofi. Ya kwanza chungu, ya pili chungu, ya tatu itakuwa tamu.

Nakiri hoja hiyo imenitoa fedha mfukoni mara nyingi kuliko ninavyopenda kuhesabu.

Tuelewane kwanza tunasema nini. Sizungumzii filamu iliyojaribu jambo kubwa ikaanguka. Hiyo ninaiheshimu, hata ikinichosha. Nazungumzia filamu ya bora liende. Hadithi imeandikwa mara moja na haikurudiwa. Sauti inakwaruza. Mwisho umebandikwa kwa sababu muda uliisha. Na la kuudhi zaidi, wote walijua. Mwongozaji alijua, mhariri alijua, fundi sauti alijua, wakatazamana, mmoja akasema: "Watanunua tu."

Watanunua tu. Yashikeni maneno hayo, nitayarudia.

Nasikia mzee wangu pale nyuma anasema "mgema akisifiwa". Subiri, mzee, nakuja huko. Naomba usinimalizie hotuba.

Niwape haki yao kwanza wanaosema tulipe. Filamu ni fani ya ghali kujifunza. Mshairi akiharibu ubeti amepoteza karatasi. Mwongozaji akiharibu onyesho moja amepoteza siku nzima ya watu arobaini, taa za kukodi, magari, na jua ambalo limeshazama na halirudi. Huwezi kuisoma fani hii kitabuni ukaimaliza. Lazima utengeneze, ukosee, utengeneze tena. Na kila kosa lina ankara yake. Nani anailipa?

Park Chan-wook wa Korea Kusini alitoa filamu yake ya kwanza mwaka 1992. Ikaanguka. Alipata nafasi ya pili baada ya miaka mitano, mwaka 1997. Nayo ikaanguka. Katika miaka hiyo alikuwa akijipatia riziki kwa kuandika uhakiki wa filamu. Hebu pata picha: filamu yako imekataliwa, na kazi yako ni kukaa kila wiki kueleza filamu za wenzako zimefaulu wapi na zimekwama wapi. Ni adhabu, au ni shule? Mwaka 2000 akatoa ya tatu, hadithi ya askari kwenye mpaka wa Korea mbili, ikawa miongoni mwa filamu zilizouza zaidi nchini mwake hadi wakati ule.

Mwaka huohuo wa 2000, Bong Joon-ho alitoa filamu yake ya kwanza. Watu hawakwenda. Ya pili, mwaka 2003, ilijaza kumbi. Ile ya mwaka 2019, Parasite, hakuna hapa asiyeijua: ilichukua Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes kule Ufaransa, kisha Februari 2020 ikachukua Oscar ya filamu bora, mara ya kwanza kabisa kwa filamu isiyo ya Kiingereza.

Karo ya mabwana hawa wawili ililipwa na nani? Msikimbilie kusema "na watazamaji". Watazamaji wa Korea waliwanyima tiketi. Walimnyima Park mara mbili, wakamnyima Bong mara moja. Karo ililipwa na watayarishaji walioitazama filamu iliyoanguka, wakaona ndani yake kitu ambacho hesabu ya tiketi haikukionyesha, wakathubutu tena. Kwa hiyo mtu akikwambia kuwa bila tiketi yako ya huruma vipaji vyote vitakufa, mwambie taratibu kuwa vipo vilivyonyimwa tiketi na vikapona.

Ila nisiwalaghai. Hadithi za waliofaulu zina hila ndani yake. Tunawasikia waliorudi. Wasiorudi hawapandi jukwaani kusimulia.

Mwaka 1955, hukohuko Korea Kusini, mwanamke aitwaye Park Nam-ok aliongoza filamu iitwayo Mjane. Ndiye mwanamke wa kwanza wa Korea kuongoza filamu. Alikuwa amejifungua si zamani, akafanya kazi hiyo na mtoto mgongoni. Fedha zilitoka kwa dada yake. Alikuwa akiongoza waigizaji, kisha anawapikia wafanyakazi. Filamu ikakaa ukumbini siku chache, ikaondolewa. Hakutengeneza nyingine maishani. Mwaka 1997 ikaonyeshwa tena katika tamasha la filamu za wanawake kule Seoul, watu wakaitazama kwa macho mapya, na leo wasomi wa sinema wanaifundisha. Mama huyo alifariki mwaka 2017. Kutoka 1955 hadi 2017 ni miaka sitini na miwili. Filamu moja.

Kila ninapotaka kusimama hapa niseme kwa ukali kwamba filamu dhaifu na ife, namkumbuka mama yule na mtoto wake mgongoni, na ukali unanitoka. Wako watu ambao siku chache zaidi ukumbini zingewapa maisha ya pili. Na mara nyingi si wale wenye majina. Ni wale ambao hakuna mtayarishaji aliyekuwa tayari kutazama walichoangusha.

Basi nimekubali: kulipia kazi ambayo haijaiva kunaweza kuwa jambo jema. Tusonge sasa kwenye yale maneno niliyowaomba myashike.

Miaka ya 1920 kumbi za Uingereza zilikuwa zimejaa filamu za Marekani. Bunge likatunga sheria mwaka 1927: wasambazaji na wenye kumbi walazimike kuchukua fungu fulani la filamu zilizotengenezwa nyumbani, na fungu hilo likue mwaka hata mwaka. Nia njema. Ndiyo hoja yetu ya leo, tofauti ni kwamba hapo ilipigwa muhuri wa serikali. Tuvumilie za kwetu mpaka zikomae.

Nini kikatokea? Kampuni za usambazaji, nyingi zikiwa za Marekani, zilihitaji filamu za Uingereza za kujazia fungu tu. Kama zitauza au hazitauza, si neno. Zikawa zinalipa kwa urefu wa mkanda, takriban pauni moja kwa kila futi. Jamani, kwa futi! Kama kitambaa cha pazia. Ukimlipa fundi kwa futi atakupa nini? Atakupa futi. Zikatengenezwa filamu za wiki mbili tatu, watu wakiongea ndani ya vyumba vilevile, kamera haisogei kwa sababu kusogeza kamera ni muda, na muda ni fedha. Waingereza wenyewe walizipa jina la dhihaka, za fungu za harakaharaka. Inasimuliwa kwamba kumbi nyingine ziliziweka asubuhi, wafagiaji wakiwa kazini, ili sheria itimie bila mteja kuudhika. Mwaka 1938 sheria ikabidi irekebishwe na kuwekwa kiwango cha chini cha gharama, maana filamu ya kujazia fungu ilikuwa imeshaharibu jina la filamu ya nyumbani.

Korea nayo ilipita njia hiyo kabla ya enzi ya kina Park na Bong. Miaka ya 1960 na 1970 kampuni ilipata kibali cha kuingiza filamu za nje, zilizokuwa na faida kubwa, endapo ingetengeneza filamu za nyumbani. Matokeo mnaweza kuyakisia wenyewe. Filamu ya nyumbani ikawa risiti ya kupatia kibali.

Mnaona kinachofanana? Pale ambapo fedha haimtegemei mtazamaji kupenda au kutopenda, ndipo yale maneno yanapozaliwa. Watanunua tu. Sheria inawalazimisha, watanunua tu. Ni ndugu zetu, watanunua tu. Ni wa imani yetu, watanunua tu. Huruma yetu ikishazoeleka inakuwa kama ile sheria ya 1927. Na tukishakuwa wateja wa uhakika, hakuna sababu ya kuturudia hadithi mara ya pili wala kukodi kinasa sauti kizuri.

Sasa nitaharibu hoja yangu mwenyewe, maana msomaji mmoja wa historia ataniumbua nisiposema. Katika machimbo yale ya filamu za futi alikuwamo kijana aitwaye Michael Powell. Kuanzia mwaka 1931, ndani ya miaka michache, aliongoza zaidi ya filamu 20 za aina ile. Baadaye akawa mmoja wa waongozaji wakubwa kabisa ambao Uingereza imewahi kupata. Fedha zilezile, sheria ileile, studio zilezile. Wenzake walikuwa wanapima futi, yeye alikuwa anajifunza pa kuiweka kamera. Kwa hiyo ile fedha ilifungua mlango, hilo haliwezi kukataliwa. Ila ilimfungulia kila mtu, na aliyeingia kujifunza tayari alikuwa amekuja na kiu yake. Haikununuliwa kwa tiketi ya mtu.

Tiketi yenyewe inasema nini? Nauliza kwa dhati. Tunazungumza kana kwamba tiketi ni ujumbe, "nakupa moyo, kaza buti, rekebisha sauti". Ndugu zangu, tiketi haijui kusema hayo. Tiketi inajua neno moja: nilikuja. Aliyekuja kwa mapenzi na aliyekuja kwa kuona aibu wanahesabiwa pamoja. Huruma na mapenzi yakishaingia kwenye daftari la mauzo yanavaa sare moja. Mwenye mtaji anafungua daftari asubuhi, anaona watu wengi, anasema: kumbe wanapenda hivi. Tengeneza nyingine kama hii. Wewe ulilipa ili aache, yeye amesoma kwamba aendelee!

Na fedha yenyewe inapita wapi? Mwenye ukumbi anachukua fungu lake, mara nyingi karibu nusu. Msambazaji anachukua lake na gharama za matangazo. Mwenye mtaji anarudisha chake. Yule kijana fundi sauti uliyetaka kumpa moyo alilipwa zamani, au hakulipwa kabisa, na tiketi yako haimfikii. Kwa wanaotazama kwa ada ya mwezi mtandaoni ni vilevile, ila pale kinachohesabiwa ni muda wako. Ukiiacha filamu ikicheza huku umelala, umeshapiga kura.

Wafaransa waliliona tatizo hili wakatafuta njia isiyomlazimisha mtazamaji kujifanya. Wana taasisi ya sinema, CNC, iliyoundwa mwaka 1946. Kila tiketi inayouzwa, hata ya filamu ya kigeni yenye milipuko na magari yanayoruka, inakatwa kodi ya asilimia 10.72, na fedha hizo zinarudi kujenga sinema. Tangu mwaka 1959 kuna mfuko unaomtangulizia mtengenezaji fedha kabla filamu haijauza, kwa kamati kusoma kwanza alichoandika, na filamu za kwanza zina nafasi yake. Kwa hiyo mtu anakwenda kutazama anachokipenda, anafurahi, anarudi nyumbani, na bila kujua amemlipia karo kijana asiyemfahamu. Hajadanganya mtu. Hajapiga makofi ya uongo. Kamati nazo zina upendeleo wake, tusizipambe, lakini angalau kuna mtu anayesoma kabla ya kulipa.

Na kuna hadithi ninayoipenda kuliko zote hizi, mnivumilie niisimulie polepole.

Kule India, jimbo la Gujarat, wafugaji wa ng'ombe wa maziwa walikuwa na vyama vyao vya ushirika, vilivyounganishwa na bwana aitwaye Verghese Kurien. Katikati ya miaka ya 1970 mwongozaji Shyam Benegal alitaka kutengeneza filamu kuhusu jinsi ushirika kama ule ulivyoanza, ugomvi wake, matabaka yake, watu wake. Fedha itoke wapi? Wafugaji 500,000 wakatoa rupia mbili mbili. Rupia mbili kila mmoja, nusu milioni ya watu. Filamu, Manthan, ikatoka mwaka 1976, na ndani yake imeandikwa kwamba inaletwa na wakulima laki tano wa Gujarat. Ilipofika kumbini, wakulima walijazana kwenye malori kwenda kuitazama filamu yao. Ilipata tuzo ya taifa, na mwaka 2024, baada ya kukarabatiwa, ikaonyeshwa Cannes.

Mtu ataniambia: si unaona, watu wa kawaida walichangia sinema! Naam, walichangia. Lakini tazameni walivyochangia. Hawakununua kitu kibovu kilichokwisha kutengenezwa, wakatabasamu. Walilipia kitu ambacho bado hakijawapo, kinachowahusu wao, na aliyepokea fedha alijua kwamba siku moja malori yatafika na watu watashuka. Fedha iliyotangulia kazi inamtia mtu deni. Fedha inayofuata kazi mbovu inamfutia. Ukitaka kuwapa moyo waongozaji chipukizi, usisubiri mpaka wameshakosea ndipo uwalipe kwa kukosea. Walipe kabla, kidogo, mkiwa wengi, na wajue kuwa mtakuja.

Haya, mzee wangu wa nyuma. Mgema.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tumeusikia tangu utotoni, na katika mjadala huu watu wanautumia kumaanisha tusiwalipe wanaolegea. Mimi naomba tuusome tena, neno kwa neno. Wahenga hawakusema mgema akilipwa. Walisema akisifiwa. Mgema kulipwa ni haki yake, amepanda mnazi alfajiri na angeweza kuanguka. Kilichotia maji kwenye tembo hakikuwa fedha. Zilikuwa ni zile sifa.

Mwaka 1957, New York, mwigizaji kijana John Cassavetes alikwenda kwenye kipindi cha redio cha usiku cha Jean Shepherd kuitangaza filamu aliyoigiza. Alipofika pale akasema yeye mwenyewe angeweza kutengeneza filamu bora kuliko ile, na kwamba kama wasikilizaji wanataka filamu zinazohusu watu kweli, watume fedha. Wakatuma. Noti za dola kwenye bahasha, takriban dola 2,000 kwa jumla. Si fedha nyingi kwa filamu, lakini sasa alikuwa na deni kwa watu asiowajua. Akatengeneza, ikaitwa Shadows. Mwishoni mwa mwaka 1958 akaionyesha bure usiku wa manane. Wengi wakainuka wakatoka.

Hapa ndipo penye mafunzo. Angeweza kusema hawajaielewa. Angeweza kusema kwa dola 2,000 mlitarajia nini. Badala yake alikubali kwamba filamu imeshindwa, akatafuta fedha zaidi, akawarudisha waigizaji, akapiga upya sehemu kubwa, na mwaka 1959 akaitoa tena. Ndiyo Shadows iliyoingia kwenye historia. (Kwa haki niseme kwamba mhakiki Jonas Mekas alikuwa ameipenda ile ya kwanza, na akalalamika kuwa ya pili imeharibiwa. Kwa hiyo mkisikia mtu anasema "mbovu" kwa uhakika mwingi, mwangalieni mara mbili, nami nikiwamo.) Wasikilizaji wa redio walilipa, na watazamaji wa usiku wa manane walitoka nje. Filamu ikapona kwa vyote viwili: fedha, na miguu iliyoinuka.

Miaka kadhaa baadaye, mwongozaji wa Marekani Martin Scorsese akiwa kijana alimfanyia mtayarishaji Roger Corman filamu ya bei nafuu, mwaka 1972. Corman alikuwa na sifa ya kuwapa vijana nafasi. Coppola, Jonathan Demme na Ron Howard waliongozea kwake mapema. Watazamaji wa filamu zile walikwenda kutafuta bunduki na mapenzi, wala hawakujua kuwa wanamlipia mtu karo. Scorsese alipoimaliza akamwonyesha Cassavetes, wakati huo mzee wa fani. Cassavetes akamkumbatia, kisha akamwambia, kwa maneno makali nisiyoweza kuyarudia mbele ya wazazi wangu waliokaa hapa, kwamba amepoteza mwaka mzima wa maisha yake kutengeneza takataka. Akamuuliza kama hana kitu anachokitaka mwenyewe. Alikuwa nacho, kimelala kwenye karatasi. Mwaka uliofuata kikawa filamu, Mean Streets.

Angalieni ule mpangilio. Alimkumbatia kwanza, ndipo akasema. Sisi tunajua kufanya kimojawapo. Tuna hodari wa kukumbatia wasiosema kitu, na tuna hodari wa kuzomea mtandaoni ambao hawajawahi kumkumbatia mtu. Kuzomea nako ni uvivu. Ukiandika "takataka" na kicheko, hukumwambia mtu sauti yake inakwaruza dakika ya ngapi.

Sasa niwaeleze aibu yangu, maana nimesema sana za watu.

Nina rafiki mwongozaji. Filamu yake ya kwanza ilipotoka nilinunua tiketi kumi, nikagawa. Nilikuwa najisikia mtu mwema sana siku ile. Filamu ilikuwa na kipande kimoja cha ajabu, mama na binti wakikunja nguo bila kusema neno, kizuri mpaka leo nakikumbuka. Vilivyobaki vyote vilikuwa bora liende. Sauti inapotea. Mwisho umebandikwa. Tukatoka, akanishika mkono, akaniuliza: "Umeionaje?" Nikamwambia: "Hongera, umefanya kazi kubwa."

Kazi kubwa! Mnalijua neno hilo? Ni neno la kujificha. Halisemi nzuri, halisemi mbaya. Kubeba mawe nako ni kazi kubwa.

Miaka miwili ikapita, akatoa ya pili. Sauti ileile, mwisho uleule wa kubandika, na safari hii hapakuwa na mama na binti. Nikashindwa kujizuia, nikamwambia yote. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema: "Lakini ya kwanza uliniambia kazi kubwa. Wote mlisema hivyo. Mimi nilifanya kama mlivyopenda. Kile kipande cha kukunja nguo hakuna aliyekitaja, nikaona kinachosha watu."

Nilimpa tiketi kumi nikamnyima sentensi mbili. Tiketi kumi zilikuwa ghali, na sentensi mbili zilikuwa bure, nikatoa zile za ghali kwa sababu ndizo zilizokuwa rahisi.

Hatukuzungumza miezi mingi. Alikuwa na haki. Halafu usiku mmoja akanitumia maandishi ya filamu ya tatu, bila salamu, na ujumbe mmoja tu: soma, usiniambie kazi kubwa. Nikasoma. Nikampigia simu, tukabishana saa nzima juu ya ukurasa wa mwisho.

Filamu hiyo inaonyeshwa mwezi ujao. Nimeshalipa kiingilio, tiketi moja, yangu. Ameniomba nikae safu ya mbele, pembeni, mahali ambapo mwanga wa picha unapiga uso, ili yeye akiwa amesimama ukutani anione. Nimemwambia nitakaa.